Tasnifu juu ya utafiti wa kijeshi: uchukue DARPA, DRDO, Chung-Shan au Nyumbu?

Kila mwaka, unapofika wakati wa kuwasilisha mada za tasnifu, hujitokeza wanafunzi wawili watatu wanaotaka kuandika juu ya taasisi za taifa za utafiti wa kijeshi, yaani zile zinazobuni silaha na wakati huohuo kutoa teknolojia ambazo mwisho wake huishia mikononi mwa raia. Hamu wanayo, kinachowasumbua ni kuchagua taasisi ya kuifanya mfano. Majina yanayorudi ni manne: DARPA ya Marekani, DRDO ya India, Chung-Shan ya Taiwan, na Nyumbu yetu ya Kibaha. Mwaka jana mmoja wao alinijia barazani akiwa na karatasi iliyofutwafutwa mpaka imetoboka. "Shikamoo mwalimu," aliniambia, "kila nikiamka nina taasisi nyengine." Makala haya nimeyaandika kwa ajili yake na wenzake.

Mada yenyewe ina mizizi hapa kwetu, na inafaa ijulikane kabla ya kwenda mbali. Katika maeneo ya Tunguu, ambako leo ipo kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, Wamarekani walijenga mwanzoni mwa miaka ya 1960 kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya Mercury, mradi wao wa mwanzo wa kurusha binadamu anga za juu. Tarehe 20 Februari 1962, mwanaanga wao John Glenn alipoizunguka dunia, sauti yake ilipokelewa hapa Unguja, na madaktari wa kituo wakafuatilia hali ya mwili wake akipita juu yetu. Roketi iliyomrusha ilikuwa Atlas, ambayo asili yake ni kombora lililoundwa kubeba bomu la nyuklia. Wapo Wazanzibari waliokipinga kituo tangu mwanzo wakisema ni cha kijeshi, na wenye kituo wakajibu kwamba ni cha sayansi tu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya ilitaka kiondoshwe, na mwaka huohuo kikafungwa. Kwa maoni yangu kila upande ulishika nusu ya ukweli, na teknolojia ya matumizi mawili ndivyo ilivyo: ukiitazama kutoka baharini ni chombo cha sayansi, ukiitazama kutoka bara ni silaha.

Vigezo

Nimetumia vigezo vitano. Cha kwanza ni muundo: nani anailipa taasisi, nani anaiamuru, na je, ina maabara zake au huwalipa wengine wafanye kazi. Cha pili ni silaha ilizozitoa. Cha tatu, ambacho mimi nakipa uzito kuliko vyote, ni mlango wa raia, maana yake njia ambayo kitu hutoka jeshini kikafika kwa mtu wa kawaida, na nani anashika ufunguo wake. Cha nne ni kushindwa kunakojulikana hadharani, kwa sababu tasnifu isiyotaja kushindwa hugeuka kuwa tangazo la biashara. Cha tano ni nyaraka: mwanafunzi aliyeko Vuga au Chake Chake, asiye na nauli ya kwenda popote, atapata nini cha kusoma?

Sikuweka kigezo cha nani mwenye silaha kali zaidi, ingawa najua ndicho kinachozungumzwa zaidi vijiweni. Vilevile namtahadharisha mapema anayefikiria kumaliza tasnifu yake kwa kupendekeza Zanzibar ianzishe taasisi yake ya silaha. Ulinzi na usalama ni jambo la Muungano katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977, na mtahini atakuuliza hilo kabla hujakaa. Kinachowezekana kujadiliwa upande wetu ni utumiaji: boti, rada na redio za KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo baharini, kwa mfano, au zana za uokozi za Zimamoto.

Muundo

DARPA ilianzishwa Februari 1958, miezi michache baada ya Warusi kurusha satelaiti yao ya Sputnik, na jina lake la mwanzo lilikuwa ARPA. Jambo la kushangaza kwa anayeisoma mara ya kwanza ni udogo wake: ni wakala wa Wizara ya Ulinzi wenye wafanyakazi wapatao 220, karibu nusu yao wakiwa mameneja wa programu, na haina maabara yake hata moja. Meneja hukaa miaka mitatu hadi mitano, hupewa fedha na tatizo, akatafuta vyuo na kampuni za kulitatua, kisha akaondoka. Fedha si kidogo, kwani bajeti ya mwaka huhesabiwa kwa mabilioni ya dola, lakini mikono inayofanya kazi ni ya watu wengine.

DRDO, iliyoanzishwa mwaka huohuo wa 1958, ni kinyume chake kabisa. Ni idara kubwa ya serikali yenye maabara zipatazo 50 zilizotawanyika India nzima, na wanasayansi wake ni watumishi wa umma ambao wengi hukaa mpaka kustaafu.

Chung-Shan imekaa kati ya hao wawili. Maandalizi yake yalianza mwaka 1965, baada ya China kujaribu bomu lake la kwanza la nyuklia Oktoba 1964, na taasisi ikafunguliwa rasmi mwaka 1969. Makao yake yapo Longtan, katika Taoyuan, na jina lake linatokana na Sun Yat-sen, mwasisi wa Jamhuri ya China. Kwa miaka 45 ilikuwa chombo cha wizara ya ulinzi moja kwa moja, chenye maofisa wa jeshi kila kona. Mwaka 2014 ikageuzwa kwa sheria kuwa shirika la umma lenye bodi, uhuru wa kuajiri raia kwa mishahara yake yenyewe, na ruhusa ya kupokea kazi za kulipwa kutoka nje ya jeshi. Mabadiliko hayo pekee yanatosha kuwa sura nzima ya tasnifu.

Nyumbu, ambayo jina lake rasmi ni Kituo cha Teknolojia ya Magari Tanzania, ilianza kama mradi wa jeshi na ikawa shirika la umma mwaka 1985, chini ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Ina karakana zake na mafundi wake. Kwa ukubwa haiwezi kuwekwa kwenye mizani moja na hizo tatu, na mwanafunzi asijaribu. Kwa muundo, hata hivyo, inalinganishika vizuri.

Silaha

Hapa nitapita haraka. Kwa DARPA inatosha kutaja utafiti wa ndege zisizoonekana kwa rada, ulioanza miaka ya 1970. DRDO inajulikana zaidi kwa mpango wa makombora wa mwaka 1983, uliosimamiwa na A.P.J. Abdul Kalam, yule aliyekuja kuwa Rais wa India mwaka 2002. Kutoka huko yalipatikana Prithvi, Agni na Akash. Chung-Shan imetoa makombora ya kupiga meli ya Hsiung Feng, ya kutungua ndege ya Tien Kung, na pia ilikuwa nyumba iliyolea ndege ya kivita ya Ching-kuo, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1989.

Nyumbu kazi yake ni magari, na anayetafuta risasi atazikuta Morogoro kwenye Shirika la Mzinga. Wanafunzi wengi huyachanganya mashirika haya mawili, na ukiyachanganya katika ukurasa wa kwanza msomaji wako hatakuamini katika ukurasa wa 40.

Mlango wa raia

Naomba nianze na Kojani, kisiwa cha wavuvi kule Pemba. Nimekaa ndani ya mashua ya mvuvi mmoja wa kule aliyekuwa na jipiesi (GPS), kimashine cha ukubwa wa kiganja kinachoonesha mahali ulipo, amekitia ndani ya mfuko wa nailoni mara mbili na kukifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Ndani yake alikuwa amehifadhi alama za miamba yake, na hakuna mwengine aliyeruhusiwa kuzitazama, hata mtoto wa nduguye. Satelaiti zinazompa mvuvi huyu alama hizo ni za jeshi la Marekani. Ilikuwa mwaka 1983, baada ya ndege ya abiria ya Korea kutunguliwa, Rais Reagan alipotangaza kwamba huduma ingefunguliwa kwa raia, na hata hivyo ishara ya raia iliendelea kupotoshwa kwa makusudi mpaka Mei 2000. Ina maana kwamba kwa miaka kadhaa kimashine kama kile kingemkosesha mwamba wake kwa masafa ya karibu mita 100, kwa sababu tu mtu mmoja aliyeko mbali aliamua hivyo. Ninaposema ufunguo wa mlango, hicho ndicho ninachokusudia.

Mlango wa DARPA hufunguka kwa kuwa kazi imefanywa nje tangu awali. Mtandao wa ARPANET, uliotuma ujumbe wake wa kwanza tarehe 29 Oktoba 1969 kati ya kompyuta mbili za California, ulijengwa na watu wa vyuo vikuu na kampuni, na watu hao hawakuhitaji ruhusa ya kutoka nao kambini. (Ujumbe wenyewe ulikatika baada ya herufi mbili, mtambo ulianguka.) Vivyo hivyo mwaka 2013 wakala huu uliiahidi kampuni changa ya Moderna dola milioni 25 kwa utafiti wa dawa na chanjo za mRNA, na wengi wetu tulilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza wakati wa korona.

Mlango wa DRDO ni mwembamba lakini kinachopita humo kinafanana na mahitaji yetu. Malighafi nyepesi ya makombora ilitumika kutengenezea vyuma vya miguu vya watoto waliopooza, uzito wake ukashuka kutoka kilo kadhaa hadi gramu mia chache tu. Kalam na daktari wa moyo Soma Raju walitoa kibomba cha kuzibua mishipa ya moyo kwa bei nafuu. Maabara yake ya Mysore hufanya utafiti wa chakula cha askari kisichoharibika haraka, jambo ambalo yeyote aliyewahi kuona dagaa wakioza juani baada ya mvua ya ghafla atalielewa bila kufafanuliwa. Na kipo choo. Ili askari walioko kwenye barafu ya milimani wapate pa kujisaidia, maabara za DRDO zilikuza bakteria wanaokula kinyesi ndani ya tangi na kuacha maji na gesi. Vyoo hivyo baadaye vikafungwa kwa maelfu kwenye mabehewa ya treni za India. Mimi naona choo hiki kina mafunzo zaidi kwa kisiwa chenye ardhi ya mawe, ambako kuchimba shimo ni taabu na maji ya kisima yako karibu, kuliko kombora lolote katika orodha ya hapo juu.

Kwa Chung-Shan mlango umeandikwa ndani ya sheria. Sheria iliyoigeuza shirika iliitwika kazi ya kuendeleza teknolojia za matumizi mawili, kwa hiyo unaweza kuipima kwa ahadi yake yenyewe. Kabla ya hapo, mwaka 1996, kitengo chake cha ndege, AIDC, kilitengwa kikawa kampuni, na leo kampuni hiyo hutengeneza vipande vya ndege za abiria za Boeing na Airbus. Mlango wa aina hii haupitishi kitu kimojakimoja. Umepitisha nyumba nzima na watu wake.

Nyumbu mlango wake uko wazi kwa nia, kwani magari ya mizigo, ya zimamoto na zana za kilimo ni vitu vya raia tangu kuzaliwa. Linaloleta mjadala ni kwa nini havionekani barabarani, na hilo linatuleta kwenye kigezo kinachofuata.

Kushindwa

DARPA hushindwa hadharani, na wakati mwengine hushindwa kwa faida. Machi 2004 iliandaa mashindano ya magari yasiyo na dereva katika jangwa la Mojave, njia ya kilomita zipatazo 230, na gari lililofika mbali zaidi halikumaliza kilomita 12. Mwaka uliofuata magari matano yalifika mwisho na timu ya Chuo Kikuu cha Stanford ikachukua dola milioni mbili. Ila kuna kushindwa kwa namna nyengine ambako vitabu vya kusifu hukuruka: katika miaka ya 1960 wakala huu ulihusika na majaribio ya kunyunyizia misitu ya Vietnam sumu ya kupukutisha majani, na madhara yake kwa watu wa huko bado yanahesabiwa.

DRDO husemwa kwa kuchelewa. Ndege ya Tejas iliidhinishwa mwaka 1983 ikaruka Januari 2001. Injini ya Kaveri iliyokusudiwa kwa ndege hiyo haikufaulu, na ndege ikabaki kutumia injini ya Marekani. Kombora la Trishul likafungwa bila kuingia jeshini. Yote haya yamo katika ripoti za mkaguzi mkuu na kamati za bunge la India, zilizoandikwa bila kuoneana haya.

Chung-Shan ina jambo zito zaidi. Ndani ya kivuli chake ulifanyika utafiti wa siri wa bomu la nyuklia, mpaka Januari 1988 mmoja wa wakuu wa taasisi dada ya nishati ya nyuklia, Chang Hsien-yi, alipotoroshewa Marekani akiwa na siri za mradi kichwani, na Wamarekani wakashinikiza mradi ufungwe. Kuna na tukio la Julai 2016, wakati boti ya jeshi la majini ilipofyatua kwa bahati mbaya kombora la Hsiung Feng III wakati wa mazoezi. Kombora likaitoboa mashua ya wavuvi na kumuua nahodha wake. Kosa lilikuwa la mabaharia wa kijeshi na si la waliolibuni, lakini mwanafunzi anayetoka kwenye jamii ya wavuvi hatalisoma kama takwimu.

Kuhusu Nyumbu, magari yake hayakufika kuzalishwa na kuuzwa kwa wingi, na Kamati ya Bunge inayoshughulikia ulinzi imewahi kulalamikia ufinyu wa fedha zinazotolewa. Kati ya kigari cha mfano na kiwanda kuna bonde ambalo nchi nyingi zimezama, na yetu haikuwa ya mwanzo.

Nyaraka

Kwa DARPA shida yako itakuwa wingi wa nyaraka, pamoja na kwamba nyingi zimeandikwa na watu wanaoipenda. Za DRDO ni nyingi, za Kiingereza, na zina sauti za wakaguzi na wabunge. Tena tangu mwaka 2023 Taasisi ya Teknolojia ya India ya Madras ina kampasi yake hapa Unguja, kwa hiyo mwalimu anayeujua mfumo wa utafiti wa India anaweza kupatikana kwa nauli ya daladala.

Za Chung-Shan nyingi ni za Kichina. Aidha, Tanzania haiitambui Taiwan kama nchi, na kumbukumbu hiyo ina jina la Mzanzibari ndani yake: Salim Ahmed Salim ndiye aliyekuwa mwakilishi wetu Umoja wa Mataifa tarehe 25 Oktoba 1971, kura ilipopigwa kukirejesha kiti cha China kwa Beijing. Chagua maneno yako kwa uangalifu katika kichwa cha tasnifu, na mwoneshe msimamizi kabla ya kupiga chapa.

Nyumbu ndiyo pekee ambayo utaisoma kwa Kiswahili, katika hotuba za bajeti na taarifa rasmi za mijadala ya Bunge. Nje ya hizo, yaliyochapishwa ni machache, na mahojiano yanataka kibali. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika barua ya kuomba kuzungumza na ofisi fulani mwezi wa Februari, akapata jibu baada ya kuhitimu.

Ipi imfae nani

Anayesoma kompyuta au takwimu na kuvutiwa na swali la jinsi fedha chache za mradi zinavyozaa kitu kikubwa, achukue DARPA, kwa sharti aweke sura moja ya Vietnam. Anayesoma kemia, afya, mazingira au chakula atanufaika zaidi na DRDO, na asiogope kuacha makombora yote nje na kushika maabara moja tu.

Wa siasa, sheria au uhusiano wa kimataifa atakuta Chung-Shan ina utajiri usio na kifani, kuanzia sheria ya 2014 hadi kisa cha 1988, ikiwa yuko tayari kwa uchache wa vyanzo vya Kiingereza. Mwenye miezi mitatu tu asiiguse.

Fundi wa mitambo kutoka Taasisi ya Karume pale Mbweni, khasa anayetarajia kufanya kazi nchini, aende na Nyumbu; lakini aanze kuomba kibali kabla hata ya kuandika pendekezo, na awe na mpango wa pili endapo barua itakawia. Aliyeko Pemba asiyeweza kusafiri anaweza kuilinganisha Nyumbu na DRDO kwa nyaraka za mabunge mawili, kwa sababu wabunge wa Delhi na wa Dodoma huuliza swali lilelile kuhusu vitu vinavyobuniwa na visivyofika sokoni.

Na ambaye bado kila akiamka ana taasisi nyengine, aache majina kwanza, achague kitu kimoja cha kushikika, kisha arudi nyuma kutafuta kilitoka maabara gani. Yule kijana wa karatasi iliyotoboka alifanya hivyo. Karatasi yake ya nne ilikuwa na mstari mmoja, ukiuliza iwapo choo cha bakteria kilichobuniwa kwa ajili ya askari wa barafuni kinaweza kufanya kazi katika joto la Tumbatu, na nani atakayelipia tangi.